Nguzo ya Kona ya Tatu

Shamba la Thorsgaard,
Burr Hollow, Wisconsin.
Jumatano, 18 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Ardis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Magoti yako yanasemaje? Katika barua yako ya mwezi wa saba uliniambia joto la huko Arizona limezidi hata mbwa wa jirani hatoki nje bila kubembelezwa, na kwamba wewe umeanza kulala mchana kama paka. Endelea kulala. Umeshafanya kazi ya watu watatu. Na ile dawa mpya ya presha, imekukubali au bado inakuletea kizunguzungu? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Sisi huku tu wazima, kwa maana kwamba hakuna aliyelazwa. Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote ndani ya wiki moja, lakini mahindi yamesimama. Majani kando ya ziwa yameanza kuwa mekundu. Baba anakula vizuri na anafoka vizuri. Bado anadai hakuna mtu katika wilaya nzima anayejua kukaanga samaki tangu mama afariki, kisha anamaliza sahani.

Shangazi, nakuandikia nikiwa na hofu. Wewe unanijua, mimi si mtu wa hofu, ni mtu wa hasira. Hasira najua pa kuipeleka: naiandika, naipeleka gazetini, na Alhamisi watu wanagombana juu yake kwenye duka la mbegu. Hofu sijui niiweke wapi. Naamka nayo na kulala nayo, na juzi nilijikuta nimesimama jikoni na sufuria tupu mkononi, sikumbuki nilitaka kupika nini.

Jambo lenyewe ni macho ya Baba. Yamekuwa yakififia tangu majira ya baridi. Daktari alinichorea kwenye karatasi: katikati pamekufa, pembeni ni pazima. Akikutazama usoni haoni uso wako, anaona masikio yako na ukuta ulio nyuma yako. Ndiyo maana siku hizi anaongea na watu amegeuza shingo kama kuku anayechunguza punje, na watu wanadhani ni kiburi cha uzee. Daktari akamkataza kuendesha gari. Baba akairudisha leseni bila kubisha hata neno moja, na hapo hapo mimi mjinga nilipaswa kushtuka. Kisha akaniapisha nisimwambie mtu yeyote. Wewe ni mmoja wa hao "yeyote". Leo navunja kiapo, na simwombi mtu radhi.

Maana Jumamosi hii uwanja wetu wa mbio za magari unafunga msimu, na Trudi Rausch ameandaa jioni ya madereva wa zamani. Unamkumbuka Trudi, binti wa mzee Delbert. Siku hizi yeye ndiye mwandaaji wa mbio, baba yake amebaki kuja kula soseji na kukosoa. Matangazo yamebandikwa hadi mlangoni mwa kanisa la Kilutheri. Magari ya kale yatatolewa mabandani, wazee watavaa ovaroli zisizofungika tena tumboni, na watauzunguka uwanja mara nne. Mara tatu taratibu, kwa maandamano. Ya nne unaijua. Mzunguko wa mwisho Delbert anatoa bendera ya kijani, na kila mzee anakanyaga mafuta anavyojua mwenyewe. Ndiyo desturi, na watu hawaji kutazama ile mitatu.

Baba amejiandikisha. Uwanjani hakuna anayekuuliza leseni, Shangazi. Hakujawahi kuwa na mtu wa kuuliza.

Mwanzoni sikuogopa sana. Nilijiambia robo maili ya udongo anaijua kuliko ngazi za nyumbani kwake. Kisha ikaja Ijumaa iliyopita.

Trudi aliwakusanya wazee kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, saa ya samaki wa kukaanga, wakae mbele ya watu wasimulie. Walikuwa watatu: Delbert aliyeandaa mbio miaka thelathini na kitu, Baba, na Caz Wojtala. Ndiyo, Caz yule yule aliyemsukuma Baba ukutani mwaka wa sabini na nne. Yeye na Baba waliwekwa viti viwili vinavyogusana, Trudi hana huruma. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama karibu na vyoo.

Delbert alisimulia ule mwaka wa ukame alipomwaga maji ya chumvi ya kiwanda cha jibini ili kutuliza vumbi, na nzi wa kaunti tatu wakaja kutazama mbio bila tiketi. Caz akasema, "Nzi ndio waliokuwa mashabiki wa Orrin. Watu walikuwa wangu." Baba akamjibu bila kugeuka, "Watu walikuwa wako mpaka ulipoanza kuendesha." Watu walicheka hadi wakagonga meza. Nami nilicheka.

Kisha mwalimu mmoja kijana akauliza swali zuri. Vumbi lile la zamani, tunaloliona kwenye picha, mlikuwa mnaonaje njia?

Baba akasema, "Huoni. Nani kakuambia tulikuwa tunaona? Vumbi linafika hapa," akaweka mkono juu ya paji la uso. "Lakini nguzo ya taa inafika pale juu. Huangalii mbele, mbele kuna nini? Unaangalia juu, pembeni. Nguzo ya kona ya tatu ikigusa ukingo wa dirisha lako, kata. Usingoje. Ukiuona ukuta ujue umeshachelewa."

"Mimi nilikuwa nafuata moshi wake," akasema Caz. "Alikuwa anachoma oili kama jiko la bibi."

"Na ile kona," Baba akaendelea, "hata leo naikata nimefumba macho."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi mikono yangu haikuinuka. Kwanza, nilielewa kwamba mzee hafanyi mzaha. Nguzo ile haihitaji macho ya mbele, inahitaji ya pembeni, na hayo bado anayo. Miezi yote hii amekuwa akiifikiria. Pili, Shangazi, nguzo ile haipo pale tena.

Niliihamisha mimi.

Unajua vita vyangu vya mwaka jana. Wale watu wa mjini waliojenga majumba yao ya vioo kando ya kilima, walionunua ardhi kwa sababu ilikuwa rahisi, na ardhi ilikuwa rahisi kwa sababu kuna uwanja wa mbio, kisha Jumamosi ya kwanza wakagundua kwamba uwanja wa mbio una kelele! Walitaka baraza la wilaya lifute kibali chetu. Niliandika makala hadi vidole vikaota sugu. Niliwauliza kama wangehamia pwani kisha waombe bahari inyamaze. Na katika kelele zote hizo nilikubali jambo moja la busara: taa zilikuwa kweli zinamulika vyumba vyao vya kulala. Nikapendekeza nguzo zisogezwe, taa zitazame chini. Baraza likakubali. Masika ikaja kreni, nguzo ya kona ya tatu ikang'olewa na kusimikwa mbele zaidi, karibu na lango la ambulensi. Watu walinipongeza. Baba hakuwapo siku hiyo, alikuwa kwa daktari wa macho.

Hakuna aliyefikiria kumwambia. Nani humwambia mtu habari ya nguzo?

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi ya kawaida ya mbio, nami nikaona njia. Lori la maji likishapita, Trudi huwaita watu kwenye kipaza sauti waingie na magari yoyote waliyonayo, pikapu, matrekta, hata magari ya kanisani, wazunguke taratibu kushindilia udongo kabla ya mbio kuanza. Nikamwambia Baba twende tukashindilie, nikampa usukani wa pikapu. Nilitaka aione nguzo mpya mwenyewe bila mtu kumfundisha. Unamjua, ukimfundisha ameshakataa.

Kona ya kwanza alikata vizuri. Ya pili vizuri. Kwenye mnyooko wa nyuma alikuwa amegeuza shingo, kidevu juu, anapiga mluzi. Tukafika kona ya tatu naye akaendelea kupiga mluzi, moja kwa moja, na ukuta wa zege ukaja kwenye kioo changu kama mtu anayefungua mlango.

Nilipiga ukelele. Akakanyaga breki, tukateleza kwenye udongo wa maji, bampa ikagusa zege kwa upole, tukasimama. Madereva waliokuwa nyuma yetu wakapiga honi kwa furaha. Mmoja akatoa kichwa dirishani: "Mzee Orrin, mbio hazijaanza bado!" Walidhani anajionyesha.

Baba aliiacha mikono yote juu ya usukani. Kisha akauliza polepole sana, "Nani kaihamisha ile nguzo?"

"Mimi, Baba."

"Kwa nini?"

"Ili uwanja usifungwe."

Akafikiri. "Basi umeokoa uwanja," akasema, "umebakiza kunizika ndani yake." Akacheka, akatia gia ya nyuma, tukamaliza kushindilia. Tulipotoka nikamwomba aachane na mambo ya Jumamosi. Akasema sasa anajua nguzo ilipo, kwa hiyo shida imekwisha. Nikamwambia mwili wake umeizoea ile ya zamani kwa miaka hamsini, haujifunzi nyingine kwa wiki moja. Akasema nisimhutubie, yeye si baraza la wilaya.

Jumapili nilikwenda kwa Delbert. Nilidhani yeye, mtu aliyetunza roho za madereva maisha yake yote, atasimama upande wangu. Nilimkuta barazani anamenya mahindi.

"Binti yangu," akasema, "mimi najua habari za macho yake tangu masika. Siku hizi hanisalimii mpaka nikohoe."

"Na hukusema!"

"Wewe ulisema?"

Nikamwambia basi asitoe bendera ile ya kijani, mzunguko wa nne uwe wa taratibu kama mingine. Akanitazama kama nimesema jambo la kitoto. "Nisipoitoa atakwenda tu. Baba yako lini aliwahi kungoja bendera yangu?" Nikasema nitamwambia Trudi, Trudi atamfuta. "Mwambie," akasema. "Atamfuta mbele ya watu wote, na watu watauliza kwa nini, na watajibiwa. Ukiona hilo ni afadhali kwake, simu ile pale."

Sikuigusa simu, na bado sijui kama huo ulikuwa uoga au heshima. Naandika makala kila wiki kuwafundisha wengine tofauti ya vitu hivyo viwili.

Delbert ndiye aliyeinua simu, akampigia Caz. Caz akaja na kofia yake iliyochafuka kwa mafuta ya trekta, akasikiliza yote amesimama. Kisha akasema, "Nitakaa nje yake."

Sikuelewa. Akanionyesha kwa maganda mawili ya mahindi juu ya meza. Magari huzunguka kuelekea kushoto, ukuta uko kulia. Yeye ataanza sambamba na Baba, upande wa ukuta, bega kwa bega. Baba akikata vizuri, hakuna neno. Akichelewa, Caz atamwegemea, mlango kwa mlango, amrudishe chini, upande wa ndani. "Atanikuta mimi kabla ya kukuta zege," akasema. "Mimi ni laini zaidi."

"Caz," nikamwambia, "wewe ndiye uliyemsukuma kwenye ukuta huo huo!"

"Ndiyo maana najua ulipo," akasema.

Ana miaka sabini na minane, Shangazi, na kifaa cha kuusukuma moyo kimeshonwa chini ya ngozi ya kifua. Kwa hiyo sasa sina mzee mmoja wa kumhofia, ninao wawili. Nilimuuliza itakuwaje wakiumia wote. Akavaa kofia yake. "Itakuwa mazishi ya siku moja, mtapika mara moja tu."

Hapo ndipo nilipokasirika, na afadhali nilikasirika. Wanaume hawa! Wako tayari kufa lakini hawako tayari kusema, sioni vizuri. Maneno mawili tu. Wangeyasema, tungekuwa tumekaa jukwaani Jumamosi tunakula jibini la kukaanga, tumefunikwa blanketi. Na usinijibu kwamba hata mimi nimetoka kwenye damu hiyo hiyo. Najua.

Kwa hiyo nakuomba. Wewe ndiye mtu pekee duniani ambaye Baba humtii bila kubisha. Wewe ndiye uliyemfundisha kukata kona kwenye shamba la majani makavu kabla hajafikisha umri wa kuruhusiwa. Najua simu huisikii, lakini kusema unasema. Mpigie Jumamosi asubuhi, mwambie asiende, kisha kata. Hutasikia ubishi wake, na hiyo ndiyo faida. Barua hii naituma leo kwa njia ya haraka, itakufikia Ijumaa.


Jumapili, 22 Septemba

Shangazi, kama unavyoona, barua haikutumwa.

Niliiweka mezani Jumatano ile ile nikaenda kutafuta stempu, niliporudi Baba alikuwa amekaa mbele yake. Kuisoma hawezi. Aliipapasa tu bahasha. "Unamwandikia Ardis," akasema. Mtu mwingine gani ninayemwandikia kwa kalamu? Nikasema ndiyo. "Mwambie nitakata kama alivyonifundisha." Akatoka kwenda bandani.

Baada ya hapo mkono wangu haukuweza. Maisha yangu yote nimewatukana watu wanaopitia mlango wa nyuma. Nikaona nitakuwa mmoja wao, nikikutumia wewe, dada yake wa miaka themanini na minne, kama kamba ya kumfungia. Nilifikiria pia kuchomoa waya kwenye injini ya gari lake. Lakini angeutafuta kwa vidole na kuupata kabla sijafika mlangoni.

Kwa hiyo Jumamosi tulikwenda.

Sijawahi kuuona uwanja umejaa vile tangu nikiwa msichana. Hata wale wa majumba ya vioo walikuja, mmoja wao amevaa fulana ya Trudi. Sikuwa na hamu hata ya kumkejeli. Nilisimama kwenye uzio wa kona ya tatu, karibu na wale wa ambulensi, na Delbert akapanda kibanda chake cha bendera kwa kushikwa mikono. Magari yalikuwa saba. La Baba lile jekundu lililoiva, namba nane, sambamba na lile la kijani la Caz, upande wa ukuta. Mtangazaji akakumbusha umati habari za mwaka wa sabini na nne, na umati ukazomea kwa furaha kana kwamba jambo lile limetokea jana.

Baba alikuwa hajui mpango. Kabla hajapanda alimwambia Caz, "Kwa nini umeomba upande wa nje? Wewe ulikuwa mtu wa ndani siku zote."

"Nimezeeka," akasema Caz. "Napenda mandhari."

Mizunguko mitatu ya taratibu nilipumua mara chache. Kila walipopita kona ya tatu Baba alikata vizuri, vizuri kabisa, nikaanza kujiambia mjinga ni mimi, mwili wake umejifunza. Kisha Delbert akatoa kijani.

Wewe unajua sauti ile, Shangazi, hata kama masikio yako yameisahau, kifua chako hakijaisahau. Walikuja mnyooko wa nyuma wote wawili bega kwa bega, mbele ya wengine, udongo unaruka hadi kwenye taa. Nikamwona Baba ndani ya kofia yake, kidevu juu, shingo imegeuka. Nikaona pale mahali pa zamani panapita. Hakukata. Kwa mwendo wa taratibu alikuwa ameikumbuka nguzo mpya, hilo nina hakika. Lakini vumbi lilikuwa limepanda, na ndani ya vumbi naye akawa tena kijana wa zamani. Mwili ukangoja nguzo pale ilipokuwa zamani, haikuja, ukaendelea kungoja.

Caz akamwegemea. Si pigo. Alilileta gari la kijani mlango kwa mlango, nikasikia bati linalia, cheche zikatoka upande wa Caz, maana yeye naye alikuwa anakwaruza zege kwa ubavu wa pili. Alikuwa katikati ya Baba na ukuta kama nyama kwenye mkate. Wakaenda hivyo, wamebanana, urefu wa kona yote, kisha namba nane ikashuka chini kwenye mstari wake, ikatoka kona ya nne imenyooka.

Watu walisimama juu ya mabenchi. Walipiga mayowe hadi mtangazaji hakusikika. Walidhani wazee wawili wamekumbuka ugomvi wao. Umati mzima, Shangazi, na waliojua walichokiona tulikuwa mimi na Delbert. Delbert alikuwa amesahau kushusha bendera ya mwisho. Wazee walizunguka mara moja ya ziada, taratibu, kwa sababu hakuna aliyewaambia basi.

Nilikimbia. Nilipofika, Caz alikuwa amekaa juu ya tairi, rangi imemtoka, mkono kifuani, anakunywa maji. Nikapiga magoti mbele yake. "Niache, mama," akasema, "kifaa kinafanya kazi. Nilikuwa nakijaribu." Baba alikuwa ametolewa dirishani, anazunguka gari lake kwa kulishika. Alifika mlango wa kulia akasimama. Akaupapasa kwa viganja vyote viwili, bonde lote lile la bati lililobonyea, tangu mbele hadi nyuma, na rangi ya kijani iliyobaki ikamganda vidoleni.

"Miaka hamsini," akasema kwa sauti ya kusikika, "na bado hujui kukaa kwenye mstari wako."

"Nilikuwa nakuonea wivu," akasema Caz.

"Mkaidi wewe."

"Kipofu wewe," akasema Caz, na watu wakacheka, maana hayo ndiyo matusi yao ya siku zote. Mimi nilimtazama Baba. Hakucheka. Alinyoosha mkono, akaukosa kidogo wa Caz, akaushika kwenye kifundo, akamwinua kutoka kwenye tairi.

Tulirudi nyumbani mimi nikiendesha. Alikuwa ameuchomoa usukani wa namba nane, kama madereva wanavyofanya, akaupakata mapajani. Sikusema neno, na wewe unajua hilo linanigharimu nini. Tulipopita duka la mbegu akasema, "Alinigonga mahali pazuri."

Nikapunguza mwendo.

"Nilikuwa nimeshachelewa," akasema. "Mwambie Ardis sikukata kama alivyonifundisha."

Leo asubuhi nimemkuta jikoni amelitafuta sanduku mwenyewe, amelijaza magazeti, nadhani makala zangu zimo. Ndani yake kuna ule usukani, anataka utumiwe wewe. Ule utepe mwekundu wa juu, unaoonyesha magurudumu yamenyooka, anasema kipande cha kwanza ulikifunga wewe, na kila msimu amefunga kingine juu yake. Funguo za pikapu ameziacha mezani mbele yangu, akaenda kuongea na kuku. Bonde la mlangoni amekataza lisinyooshwe.

Bado naogopa, sitakudanganya. Kila nikisikia injini barabarani natoka kutazama. Lakini imekuwa hofu ya kawaida, ile ya kila mtu mwenye mzee nyumbani.

Trudi anakusalimu, na Delbert pia. Anasema hajapata mwanamke mwingine wa kukufikia katika mbio za akina mama, na Trudi akimsikia atamnyima soseji. Caz yuko hospitali kwa uchunguzi wa siku mbili tu, anawakera wauguzi, anakusalimu. Mpe salamu binamu Lorna na watoto wake, na yule jirani mwenye mbwa. Mungu akutunzie mapigo ya moyo wako, akupe vivuli virefu na usingizi mwepesi wa mchana, na atukutanishe kabla ya theluji mbili kupita.

Sanduku likikufikia, mpigie Baba simu. Najua hutamsikia. Wala usingoje ajibu, maana nadhani hatajibu. Sema tu kwamba umelipokea, kisha usikate haraka, kaa naye kidogo. Atakuwepo upande wa pili.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye na kukuogopa kidogo,

Maren